Mwaka wa Matanga Yangu

Mwezi uliopita tulimzika wifi yangu, Mama Sauda, dada mkubwa wa mume wangu Rajabu. Siku ya tatu, wakati tunaosha masufuria ya msiba, wanawake wakaanza kumsifu. Walisema alikuwa mpole. Nikainua kichwa, maana sikujua wanamsema nani. Walisema alikuwa hanuni. Kisha mmoja, binti wa juzi tu, akasema kwamba katika maisha yake yote marehemu hakuwahi kusema uongo. Hapo nikaliweka sufuria chini, na ng'ambo ya ndoo nikamwona Mama Zulfa, mtu mzima kama mimi, amenikazia macho. Kisha akayatazama maji. Tulisuuza, tukapanga, tukaenda nyumbani, na tangu siku ile sipati usingizi mzuri.

Mimi si mwandishi. Shule niliiacha darasa la sita nikakaa kwenye cherehani. Ila nina tabia ya kuandika mistari michache kila jioni, bei ya viazi, nani kapita, nani kanuna, na mara nyingi kesho yake nikisoma naona nilimwonea mtu, nafuta. Kwa hiyo haya nayaandika polepole. Mahali nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Na Mama Sauda sitamfanya mpole, kwa sababu hakuwa mpole, na pia sitamfanya mbaya, ingawa mwaka ule nilipougua zilikuwepo siku nilizoona kwamba hakuna mtu mbaya kama yeye kutoka kwetu hadi mpakani.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu. Ilianza na homa niliyoidhani malaria, kumbe ilikuwa tifoide, na utumbo ukatoboka. Hapa Gisenyi walifanya walichoweza, wakanipeleka Kigali, huko wakanipasua, kisha wakanipasua tena. Sehemu kubwa ya wakati ule sikumbuki isipokuwa dari na kiu. Rajabu alikuwa nami, anakaa kwenye benchi, anakwenda, anarudi, na macho yake yakawa mekundu siku zote kama ya mtu aliyekaa karibu na moshi. Nilipoanza kupata nafuu nilimuuliza habari za nyumbani, akanijibu, "Iko muzuri." Watoto? "Wako muzuri." Kodi? "Iko muzuri." Daktari alikuwa amemwambia nisishtuliwe. Naliandika hili mapema kwa ajili ya haki, kwamba hakunificha kwa ubaya. Alitii.

Siku ya kurudi alinilaza ndani ya kilori chake, kwenye kiti cha mbele, mito miwili mgongoni na mmoja tumboni. Kilori kilikuwa na harufu yake ya siku zote, udongo wa viazi na mafuta, nikalia kwa furaha ya kukinusa. Tulipoingia mjini nikajitayarisha kuona njia yetu ya mtaa wa Nengo, mti wa jirani, geti la bluu. Tukaipita.

"Rajabu, umepitisha."

"Sijapitisha."

"Kwetu ni kule."

"Tulihama," akasema, kwa sauti ya mtu anayesema alibadilisha gurudumu.

Nyumba yenyewe ilikuwa kwenye mteremko, upande wa barabara inayokwenda Nyundo. Vyumba viwili. Ukuta wa kati ulikuwa wa mbao, sakafu ya simenti imepasuka kama mkate, dirisha moja lina ubao mmoja tu. Mifuko ilikuwa imepangwa hadi darini, haijafunguliwa, na juu ya mifuko kiti chetu kimoja kimegeuzwa miguu juu. Kule Nengo tulikuwa na vyumba vitatu na sebule, na cherehani yangu ilikaa dirishani, wapita njia wakinisalimia. Hapa cherehani ilikuwa kwenye kona, imefunikwa gunia. Kitanda hakikuwepo. Godoro liko chini. Nilisimama mlangoni nimeshika tumbo, nikamwona Mama Sauda amechutama mbele ya mbabula, anapepea makaa kwa kifuniko cha ndoo. Hakusimama. Aliniangalia kutoka miguuni kwenda juu, kama anayehakikisha mzigo umefika wote.

"Karibu kwako," akasema. "Usiangalie ukuta, ukuta haina kosa. Lala."

Jioni ile wao walikula viazi na sambaza za kukaanga, vile vidagaa vya ziwani, mimi nikapewa uji. Watoto wangu wawili walikaa mbali wakanitazama. Aisha, yule mdogo, akaja akaushika mkono wangu, akaugeuza, akaunusa, kisha akarudi kwa mwenzake akamwambia kitu sikioni. Nilidhani ni kwa sababu nimekonda. Kesho yake mwanamke mmoja wa kule Nengo alifika kunisalimia, akasimama mlangoni, akasema, "Yebaba we!" na hakuingia. Alisoma dua pale pale mlangoni, akaacha ndizi kwenye kizingiti, akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyesahau jiko linawaka. Nikamuuliza Mama Sauda, "Ana nini yule?" Akanijibu, "Ana haraka."

Sasa niseme kuhusu pesa za nyumba, maana ndipo nilipoanza kuona kwamba kuna kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nazigawa. Rajabu alikuwa analeta pesa za kilori, ninachanganya na za cherehani, halafu ninaziingiza kwenye mifuko. Nilikuwa nimeshona kitambaa kirefu cha jinzi chenye mifuko mitano, kinaning'inia nyuma ya mlango: kodi, chakula, shule, makaa, na wa mwisho wa bima ya mutuelle. Ukitaka kujua hali ya nyumba, unabonyeza mifuko kwa kidole. Nilipokuwa Kigali, Mama Sauda alihamia kwetu kutunza watoto, na yeye alikuwa na mfuko mmoja tu, ncha ya kitenge chake, ameifunga fundo. Kila kitu kilitoka humo na kila kitu kiliingia humo. Nilimwambia namna hiyo mtu hajui kama anakula kodi au anakula shule. Akaniambia, "We na mifuko yako! Franka haina majina. Njaa inakuja, unafungua. Njaa inaenda, unafunga." Sitaki kusema nilikuwa na haki peke yangu. Watoto hawakulala njaa hata siku moja wakati wa fundo lake. Lakini kila mwezi fundo lilikuwa linatoa pesa nyingine, nyingi kuliko za makaa, zinakwenda nje, na nikiuliza zinakwenda wapi, anasema nisijichoshe.

Tena Rajabu alikuwa anarudi mapema. Dereva wa viazi anayerudi mapema ni dereva ambaye hakupakia.

"Viazi ya Kanzenze haijaiva?" nikamuuliza.

"Imeiva."

"Sasa?"

"Wamepata gari ingine."

Mchana mmoja ilinyesha mvua nzito, ile inayofunga mji. Nilikuwa nimelala chumba cha ndani, wao wako chumba cha mbele, na labda walidhani mvua inatosha kuwaficha. Ule ukuta wa mbao haukuficha hata pumzi. Nilimsikia Rajabu, sauti yake chini kabisa, akimwita dada yake Yaya kama kawaida.

"Yule muzee wa Kanzenze ameniambia machoni, Yaya. Amesema, mutu alisema bibi yake amekufa, akakula franka za mazishi, mi nitamupa viazi yangu namna gani? Kesho atasema viazi imekufa njiani."

Nikasikia Mama Sauda akipepea makaa.

"Yaya, niambie. Siku ile kwa simu, mi nilisema amekufa? Nilikuwa ninalia. Sikumbuki nilisema nini."

Mvua ikapiga bati. Kisha nikamsikia dada yake, taratibu: "Ulikuwa unalia."

Basi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nami nikabaki kwenye godoro, nikijigusa uso. Mtu alisema bibi yake amekufa. Bibi yake ni mimi. Nikakumbuka yule mwanamke mlangoni, nikamkumbuka Aisha akininusa mkono. Hakuwa ananusa ugonjwa. Mtoto alikuwa anataka kujua kama mama aliyerudi ananuka udongo.

Hapo lazima nieleze chama. Wanawake Waislamu wa mtaa wetu wana chama cha mazishi, kila mwezi kila mmoja anatoa kidogo, na mtu akifa chama kinanunua sanda, kinalipa gari la kuleta maiti kama amefia mbali, kinalisha watu wa matanga. Mama Sauda ndiye aliyekuwa mshika pesa. Hajati Mariamu, muuza viazi wa jumla sokoni, ndiye mkubwa wetu. Na kazi yangu mimi, kwa kuwa ni fundi, ilikuwa kukata sanda. Sijui nilikata ngapi. Bafta nyeupe, kwa mwanamke vipande vitano, mikono yangu inakijua kipimo hata nikifumba macho.

Kesho yake, peke yangu nyumbani, nikaanza kufungua mifuko ya kuhama. Nilikuwa nakatazwa kunyanyua, kwa hiyo nilikuwa nachana tu magunia kwa wembe na kuvuta kilichomo. Nilitafuta kitambaa changu cha mifuko. Nguo zangu karibu zote hazikuwemo, zilibaki mbili. Ndani ya gunia la vyombo, chini ya sinia, nikakuta bafta imekunjwa. Niliifungua kwenye godoro. Vipande vitano. Nikavipima kwa shubiri, na kabla sijamaliza nilikuwa nimejua, kwa sababu hakuna mwanamke mwingine mtaani mrefu kama mimi. Kitu kilichonishangaza kwanza, naona aibu kukiandika lakini ndivyo ilivyokuwa, ni ubaya wa ukataji. Mkasi ulikwenda kama nyoka. Nikawaza, nani kanikatia hivi? Wazo la kwamba nimeshika sanda yangu mwenyewe lilikuja nyuma yake, na lilipofika nikakaa chini mpaka Mama Sauda aliporudi na makaa kichwani.

Aliona bafta. Akatua gunia, akapangusa mikono, akakaa juu ya kiti kilichopinduliwa, hivyo hivyo, kati ya miguu ya kiti.

"Bon," akasema. "Umeona."

"Nani alisema nimekufa?"

"Mi."

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi na yote yalikuwa ya kumbana akikana.

"Rajabu alipiga simu," akasema. "Analia kama mutoto. Yaya, daktari anasema nijitayarishe. Anasema iko dawa moja ya kujaribu, haiko mu mutuelle, ni ya kununua inje. Akanitajia bei. Mi nikauza kitanda chako, nikauza kabati, nikauza pete yangu. Haifiki. Nikaenda kwa chama? Chama haitoi kwa mugonjwa, unajua, we mwenyewe ulikuwa pale tulikubaliana. Inatoa kwa maiti. Bon. Nikawapelekea maiti."

"Maiti ya nani?"

"Ya kwako. Ningepeleka ya nani?"

Nilitaka kucheka, mshono ukakataa. Nilitaka kulia, mshono ukakataa hicho pia. Akaendelea kunieleza kama anayeeleza mapishi. Alikwenda kwa Hajati akasema nimefariki, maiti iko Kigali, inataka gari. Wanawake wakaja Nengo wakakaa matanga, wakapika, wakasoma. Akakata sanda mbele yao ili waamini. Akawagawia nguo zangu, kwa sababu nguo za marehemu hugawiwa. Pesa ya gari la maiti akaituma kwa simu, na Rajabu, bila kuuliza imetoka wapi, akanunua dawa. Siku ya tatu, nilipofungua macho, akawaambia watu wa matanga kwamba Rajabu alichanganyikiwa kwa kilio, alisema amekufa kumbe hajafa. Wengine walishukuru Mungu. Wengine wakauliza pesa iko wapi. Pesa ilikuwa imeshaingia kwenye mshipa wangu. Kwa hiyo akakubali kuirudisha kidogo kidogo, na ndiyo maana nyumba ya Nengo iliachwa, ndiyo maana fundo linatoka kila mwezi.

"Na Rajabu?" nikasema.

"Rajabu ni mwanaume. Watacheka, watachoka."

"Hawacheki, Mama Sauda. Wamemunyima viazi. Wanasema ni mwizi wa mazishi. Tutakula nini?"

"Najua tunakula nini, mi ndiye napika!" Hapo sauti ilimpanda. Kisha ikashuka. "Nikisema ni mi, watanifukuza, watataka franka zote siku moja, watachukua mashini yako ile kwa kona. Hivi tunalipa polepole. Ni we unajua mahesabu. Fanya hesabu."

Niliifanya. Niliifanya siku nyingi, nimelala. Kitambaa changu cha mifuko nilikipata, nikakitundika, na nikaushona mfuko wa sita, wa chama. Watoto wakauita mfuko wa matanga na sikuwakataza. Nilianza kushona nikiwa nimekaa kwenye mto, mguu mmoja tu, vitu vyepesi, vipindo vya sare za shule. Lakini kila nilipobonyeza mfuko wa chakula, kidole kiligusa ukuta. Cherehani ya mgonjwa haiwezi kulisha nyumba. Kilori ndicho kingeweza, na kilori kilikuwa kimesimama nje, kisafi, kwa sababu ya jina la mwenyewe. Rajabu alikuwa anakaa kwenye kiti cha dereva mlango wazi, hana pa kwenda. Nikimwita kula anaingia, anakula kidogo, hanitazami. Nilidhani ananichukia kwa pesa nilizokula. Sasa naelewa alikuwa anaamini kwamba kwa mdomo wake mwenyewe alimtamka mkewe maiti.

Kwa nini sikumwambia siku ile ile? Nimejiuliza sana. Kumwambia ni kumchukua dada yake aliyemlea na kumpa hasira juu yake, naye dada ndiye aliyeninunulia roho. Kunyamaza ni kumwacha mwanaume asiye na kosa abebe. Sikuona njia ya tatu. Hata leo nikiandika siioni vizuri.

Mwisho wa mwezi zamu ya mkutano wa chama ikafika kwetu. Wanawake wakaja, wakakaa juu ya mifuko, wengine sakafuni, chumba kikajaa harufu ya mafuta ya nywele na chai ya tangawizi. Niliwapokea nimesimama. Walinikumbatia kwa uangalifu, kama chombo kilichogandishwa kwa gundi.

"Karibu marehemu!" mmoja akasema, wakacheka wote, nami nikacheka.

"Marehemu, chai yako iko muzuri kushinda ya wazima!"

"Na bwana yako iko wapi? Asije akatuambia umekufa tena tukose sukari!"

Kicheko kikapanda. Kupitia dirisha niliona mgongo wa Rajabu ndani ya kilori. Alikuwa anasikia. Hakugeuka. Hapo ndipo nilipojua kwamba nitasema, kabla sijajua nitasema nini. Nikatoa pesa kwenye mfuko wa sita, nikazihesabu mkononi mwa Hajati, nikabaki nimesimama.

"Niko na neno," nikasema. "Mume wangu hakusema nimekufa."

Kicheko kilikatika. Mama Sauda alikuwa ameshika birika. Aliendelea kumimina, kikombe kikajaa, kikafurika, hakukiona. Nikangoja mtu aulize, basi ni nani. Nilikuwa tayari kutaja jina, na nilikuwa tayari baada ya kulitaja kuvua cherehani gunia lake na kusema, chukueni. Hakuna aliyeuliza. Walinitazama kwa namna ambayo hadi leo sijaipatia neno zuri. Haikuwa mshangao. Walionekana kama wamechoka.

Hajati Mariamu akaweka pesa kwenye mkoba wake, akafunga. "Mama Aisha, we ndiye unatukatia sanda hapa. Unakata wakati gani?"

"Maiti ikishafika. Ikishapimwa."

"Mbele ya kufika?"

"Hapana. Haikatwi kabla. Ni mwiko."

"Na ya kwako," akasema, "ilikatwa ukiwa wapi?"

Mimi, fundi wa sanda, niliyeishika bafta ile nikalaumu mkasi! Maiti yangu ilikuwa Kigali. Haikufika. Hakuna aliyenipima. Na wanawake wote wale, ambao wameosha maiti tangu ujana wao, walikaa kwenye sebule yangu wakamtazama Mama Sauda akikata sanda ya mtu ambaye hajaletwa, na hakuna aliyefungua mdomo.

"Mulijua," nikasema.

"Alipotoa mkasi tulijua," akasema Hajati. "Tungefanya nini? Tungesema tunatoa kwa mugonjwa, kesho wagonjwa wa mji mzima wako kwa mulango, na maiti ya kweli inakosa bafta. Sheria ni sheria. Donc tukakuzika."

Ndipo Mama Zulfa akasema, kutoka kwenye kona. Zulfa wake alikuwa ameugua mwaka uliotangulia, na Mama Zulfa alikuja kwa chama kuomba, tukamwambia hakuna sheria ya wagonjwa. Mimi nilikuwepo. Baadaye kidogo tulimpa pesa, za sanda.

"Mi ndiye nilishika ncha ingine," akasema. "Mkasi ilikuwa inatetemeka mpaka nikafikiri atanikata kidole. Nikashika muzuri, nikavuta, asiharibu bafta."

Sikuweza kumtazama. Katika yote ya mwaka ule, visu, dari, sanda, hakuna kilichonipiga kama kile, na hata mwezi uliopita kwenye ndoo ya masufuria kilinipiga tena mahali pale pale. Nimewahi kutaka kumuuliza kama hakutuchukia. Sijaweza.

Lakini nilikuwa bado nimesimama, na mgongo wa Rajabu bado uko dirishani.

"Na yeye?" nikasema.

Wakatazamana. Niliona wazi, na ndiyo maana naandika bila shaka, kwamba hakuna mmoja kati yao aliyekuwa amemfikiria. Hata Mama Sauda.

"Ilitakiwa mutu wa kubeba," akasema Hajati.

"Hakuulizwa."

"Hapana. Hakuulizwa."

"Deni nitalipa mpaka franka ya mwisho," nikasema, na sauti yangu ilikuwa inapanda bila ruhusa yangu. "Hata ikichukua miaka. Ila jina ya mume wangu haiko ndani ya deni. Mulichukua hiyo juu ya deni. Rudisheni."

Hajati alisimama kwa shida, akashika bega la mwenzake, akafunga mtandio. Mlangoni akageuka. "Rajabu anatoka wakati gani asubuhi?"

"Hatoki. Hana mzigo."

"Mi nauliza anatoka wakati gani."

Asubuhi yake, ukungu ukiwa bado umelalia mteremko, alikuwa amesimama kando ya kilori. Alikuwa amevaa nguo yake ya Idi, ile ya dhahabu, na viatu vya ngozi, mwanamke anayejulikana kwa kuuza viazi peku. Rajabu alitoka anafikicha macho.

"Hajati! Iko tatizo?"

"Fungua mulango. Twende Kanzenze, niko na viazi ya kuchukua."

Akapanda, nikamsukuma kwa nyuma, mshono ukanikemea. Alipokaa alijitandaza kiti kizima, akashusha kioo mpaka chini.

"Pita sokoni," akasema.

"Kanzenze si huko, Hajati."

"Najua njia kabla hujazaliwa. Pita sokoni. Na polepole, mi ni muzee."

Walirudi alasiri. Nilikisikia kilori kabla sijakiona, kile kilio chake cha mzigo, nikatoka nimeshika ukuta. Kilikuwa kimejaa hadi juu, viazi vya Hajati na vya watu wengine pia, maana njiani walimsimamisha. Rajabu akaingia, vumbi kwenye nyusi, akaketi sakafuni.

"Sielewi," akasema. "Amezunguka na mi siku yote. Kila shamba anashuka, anawaambia, huyu ndiye anabeba viazi yangu. Neno moja tu, anarudi kwa kiti. Yule muzee amenisalimia kwa mikono miwili. Hajati ana nini?"

Nilimtazama Mama Sauda. Sikumwambia kitu, wala sikumkonyeza. Naapa sikuwa nimeamua kama ningesema mimi. Alikuwa anageuza viazi kwenye mbabula. Akaondoa sufuria motoni, akaliweka kando, akapangusa mikono yake kwenye kile kitenge.

"Rajabu," akasema. "Siku ile kwa simu, hukusema amekufa. Ulisema daktari anasema ujitayarishe. Ni mi nilisema."

Akamweleza yote, akiwa amechutama, bila kujitetea mahali popote. Hata pale ambapo mimi ningemtetea hakujitetea. Nilingoja hasira. Nilikuwa nimesogea, niwe katikati yao, na tumbo langu lile. Alipomaliza, Rajabu aliuliza kitu kimoja.

"Mi sikusema?"

"Hukusema."

Akanigeukia mimi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Kigali kunitazama usoni, na alinitazama kwa muda mrefu hadi nikainamisha kichwa. Kisha akasimama, akatoka nje kushusha viazi. Vijana wa jirani walikuja kumsaidia, akawafukuza. Alishusha peke yake, gunia kwa gunia, mpaka giza likaingia, nasi ndani hatukuwasha taa, hatukula, tulikaa tukisikiliza kupitia lile dirisha. Kila gunia lilipogusa ardhi tulimsikia anasema kwa sauti ya chini, si kwetu, "Sikusema." Halafu anakwenda kuchukua lingine.